Barua ya Kufunga Muhula wa Pili kwa Wazazi na Walezi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Watoto wanarudi nyumbani leo na ripoti zao mkononi. Alama mtazisoma wenyewe. Mimi naanza na Jumamosi ya maonyesho, maana tangu siku ile sijawashukuru mliokuja, wala sijawaeleza msiokuja mlichokikosa.

Mnakumbuka kikao cha Julai. Mzazi mmoja alisimama akapendekeza tufunge Muziki na Sanaa za Ufundi, vile vyumba viwili vigeuzwe maabara, kwa kuwa "watoto wanakuja kusoma, si kucheza". Akapigiwa makofi mengi. Sikumjibu siku ile. Nilirudi ofisini nikakaa na maneno hayo, na kwa kweli yaliniuma. Jibu lilitoka kwa wanafunzi wenyewe, siku ya maonyesho.

Wanafunzi wa Historia wa kidato cha tano wana mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, yaani mabara ya Amerika. Mwalimu wao aliamua wasiandikiwe notisi ubaoni kama ilivyozoeleka. Aliwapa shule moja tu ya kuchunguza: DuSable High School, iliyokuwa upande wa kusini wa jiji la Chicago nchini Marekani, kuanzia ilipofunguliwa mwaka 1935 hadi miaka ya 1960. Ilipewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyekuwa mgeni wa kwanza kujenga makazi ya kudumu mahali palipo na jiji hilo leo. Wanafunzi wake walikuwa weusi. Chicago hakukuwa na sheria ya kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kama kule kwenye majimbo ya Kusini, ila mikataba ya nyumba iliwazuia weusi kununua au kupanga nje ya mitaa yao, na shule ikafuata mtaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza mikataba hiyo kutekelezwa mahakamani mwaka 1948, na mwaka 1954 ikapiga marufuku sheria za kutenga shule kwa rangi. Mtaa wa DuSable uliendelea kuwa vilevile. Watoto wetu waliyaeleza hayo yote bila kusoma karatasi, na mzee mmoja wa bodi alipowabana kwa maswali, walimjibu.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha Muziki. Pale DuSable idara hiyo iliongozwa na Walter Dyett hadi mwaka 1962. Walimwita Kapteni, kwa kuwa aliwahi kuongoza bendi ya jeshi la akiba la Illinois, na darasa lake lilikwenda kijeshi kwelikweli. Mikononi mwake walipita wanamuziki wa jazi kama Nat King Cole, Gene Ammons na Johnny Griffin. Huyu Griffin alitaka saksafoni, Kapteni akamwanzisha kwenye klarineti kwanza. Alipomaliza shule mwaka 1945 alichukuliwa moja kwa moja na bendi kubwa ya Lionel Hampton, akiwa na miaka 17.

Shule yetu ina klarineti moja. Vitufe vyake viwili vimefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, na kwenye kiungo cha katikati pamezungushiwa uzi wa kushonea viatu ili pumzi isivuje. Kijana wa kidato cha tano aliishika, akavuta pumzi, akatoa noti moja ya chini, ndefu, bila kutetereka, hadi wamama waliokuwa wakisogeza viti nyuma wakasimama walipo. Alipomaliza alisema, "Noti hii nimeifanyia mazoezi kwa wiki tatu." Hakuongeza neno. Mimi nimekuwa mwalimu miaka mingi na sijaona somo la nidhamu lililofundishwa vizuri kuliko lile.

Chumba cha pili kilikuwa cha Sanaa, na hapo ndipo nilipotokwa na machozi. Mwalimu wa sanaa wa DuSable tangu mwaka 1946 alikuwa Margaret Burroughs, mchoraji aliyesifika kwa picha za kuchonga kwenye linoleamu, zile zinazopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Nje ya darasa alihangaika kuhifadhi historia ya watu wake, na mwaka 1961 yeye na mumewe wakafungua makumbusho ndani ya nyumba yao wenyewe. Makumbusho hayo yapo hadi leo, yakibeba jina la du Sable kama shule. Sisi linoleamu hatuna. Watoto walikusanya kandambili zilizochakaa mabwenini, wakazichonga soli kwa wembe, wakapaka wino, wakapata picha: bibi mwenye kilemba, mtoto na kitabu, mwanamke anayesuka ukili. Kuna binti wa kidato cha pili ambaye darasani ukimuuliza jina lake anaangalia chini. Siku hiyo alimshika bibi yake mkono, akamweleza kwa nini sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe ndiyo inayochongwa. Bibi akamwuliza, "Na hiki kiatu cha nani?" Akajibu, "Changu, bibi."

Taaluma nayo ilikuwa na meza yake, na nawasihi wale waliopiga makofi Julai wasome kwa makini hapa. Katika shule hiyohiyo ya muziki na uchoraji alisoma Harold Washington, aliyechaguliwa mwaka 1983 kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Alisoma pia John H. Johnson, aliyehariri gazeti la wanafunzi, akahitimu mwaka 1936, na mwaka 1945 akaanzisha jarida la Ebony. Safari yake ya uchapishaji ilianza mwaka 1942 kwa mkopo wa dola 500, na dhamana ilikuwa samani za mama yake. Wanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) walichora sofa kwenye manila, chini wakaandika "Mama alikubali". Mwanasiasa, mchapishaji na mpiga saksafoni walipita mlango mmoja.

Najua mtaniambia dunia ya sasa ni ya sayansi. Hata Wamarekani walisema hivyo. Oktoba 1957 Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik, Marekani nzima ilishtuka, na Septemba 1958 ikapita sheria ya kumwaga fedha kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. (Kwa sheria hiyo hata Kiswahili chetu kilipata fedha za kufundishwa katika vyuo vikuu vya kule, jambo lililowafurahisha sana walimu wetu wa lugha.) Fedha hizo hazikulenga muziki wala uchoraji. Kapteni Dyett na Bibi Burroughs hawakufunga vyumba vyao, wala mimi sitafunga vya kwetu. Maabara tutaijenga, na bodi imeshapitisha ramani. Itajengwa kwenye kiwanja cha nyuma.

Kidato cha nne wamemaliza mitihani yao salama, tunasubiri matokeo. Mpira wa pete tumeshika nafasi ya pili kata. Choo kipya cha wasichana kimekamilika.

Sasa nije kwenye yale yaliyonikosesha usingizi.

Wiki moja kabla ya maonyesho, vijana watatu wa kidato cha tatu walifungua stoo ya muziki usiku, wakachukua tarumbeta mbili, wakaruka ukuta na kwenda kupiga kwenye harusi mjini na bendi ya matarumbeta. Walilipwa. Walirudi alfajiri na tarumbeta moja imebonyea mdomo kama sufuria iliyoanguka. Fundi ameinyoosha, lakini sauti yake haijarudi kama zamani. Niliwaita wazazi. Wawili walikuja, wakaomba radhi, wakagawana gharama ya fundi, nawashukuru. Wa tatu alinijibu kwenye simu, "Mwalimu, si wamejitafutia hela? Ungewapongeza."

Mzazi mwenzangu, sitawapongeza. Kijana akitaka kupiga harusini wakati wa likizo, kwa ruhusa yako na kwa chombo chako, nitakuja mwenyewe kumtunza. Tarumbeta zile zinapigwa na watoto ishirini na zaidi kwa zamu, na Jumamosi ya maonyesho binti mmoja alikaa pembeni bila kupiga kwa sababu ya lile bonyeo. Alikuwa amefanya mazoezi tangu Agosti. Mwanao arudi Januari akiwa na wewe. Mje wote wawili ofisini kabla hajaingia darasani, na sehemu yenu ya gharama ya fundi muwe nayo. Stoo sasa ina kufuli mbili, na ufunguo mmoja ninao mimi.

Utoro. Siku mbili za mwisho kabla ya mitihani ya muhula, viti vingi vya kidato cha kwanza na cha pili vilikuwa wazi. Sababu nilizopewa: msiba, msiba, jino, sherehe ya mjomba, msiba. Tunajua misiba ipo, na aliyefiwa tunamlilia pamoja. Lakini mtoto anayeondoka bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mwalimu wa zamu ni mtoro, hata kama aliyekuja kumchukua getini ni baba yake mzazi.

Ada. Hapa naomba nisieleweke vibaya, maana wapo kati yenu wanaouza mbuzi na kukopa vikoba ili mtoto asome, na hao nawafahamu kwa majina na nawaheshimu. Mhasibu atawapangia awamu, mkija tu mkasema. Wanaoniumiza ni wale wasiopokea simu. Mhasibu amepiga, mwalimu wa darasa amepiga, mimi nimepiga. Mzazi hapokei, halafu siku ya maonyesho namwona mstari wa mbele, simu mpya juu, anampiga picha mwanawe mwenye klarineti. Mwalimu wa muziki anayemfundisha mwanao hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Alikuja kazini kila siku kwa miguu. Sitamfukuza mtoto katikati ya mtihani, hilo sijawahi kulifanya. Januari, hata hivyo, hakuna atakayepokelewa bwenini bila stakabadhi ya benki au makubaliano ya maandishi kutoka kwa mhasibu. Ofisi yake itakuwa wazi Jumatatu na Alhamisi katika likizo yote.

Tarehe ya kufungua shule na orodha ya mahitaji vipo nyuma ya ripoti. Godoro lenye kunguni lisirudi. Na kandambili zilizokatika ukanda msizitupe, hata za jirani: mpeni mtoto azibebe, idara ya Sanaa inazihitaji.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule