Barua ya wazi kwa RTO (mkuu wa trafiki) wa Mkoa wa Tanga: tutatokea wapi gari likiwaka moto?

Shikamoo afande. Mimi ni mama wa hapa Ngamiani, mabasi ya Dar napanda sana na mwanangu anaenda shule na Noah, na kinachonisumbua ni milango.

Askari wako wanakagua spidi, mikanda, leseni, na tunawashukuru kwa kweli, lakini sijaona hata siku moja askari ameingia kwenye basi akamwambia dreva haya zima gari, sasa fungua mlango. Haya mabasi mapya mlango unaenda kwa upepo na switchi iko kwa dreva, vioo vimegandishwa havifunguki mana kuna AC, sasa gari limepinduka, dreva kaumia, umeme umekata, abiria wote hao wanatokea wapi? Pale juu ya mlango huwa kuna valvu ndogo, ukiizungusha upepo unatoka na mlango unausukuma kwa mkono, ndo uhai wetu ule afande na abiria wengi hawaijui. Basi nililopanda juzi valvu imebandikiwa stika hadi huioni, na pa nyundo ya kuvunjia kioo kimebaki kishikio kitupu konda katundikia mfuko wake. Namuuliza nyundo iko wapi, ananiambia mama zinaibiwa. Sasa si zifungwe na waya, mbona benki wanafunga kalamu na kamba na bado tunaandikia?

Juni 2025 pale Sabasaba, Same, basi na Coaster viligongana vikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35. Sisemi milango ndo chanzo, nasema moto haumsubiri mtu atafute pa kutokea.

Noah za shule ndo zinaninyima usingizi. Ile loki ya watoto kwenye mlango wa kuslaidi, kile kidude kidogo pembeni unachokiona mlango ukiwa wazi, kikishawekwa mtoto avute kishikio cha ndani mpaka achoke hautoki. Dreva anaiweka wasifungue njiani, namuelewa kabisa, ila buti nayo kwa ndani haina pa kufungulia, katikati mabegi na watoto wamebanana, na mtu mzima ni dreva peke yake.

Na yanakuja magari ambayo mlango ni umeme mtupu. Marekani mwaka 2025 mamlaka yao ilianza kuchunguza Tesla Model Y za 2021 kwa sababu betri ya volti 12 ikishuka vishikio vya nje vinagoma, mzazi yuko nje mtoto yuko siti ya nyuma, wengine wakavunja vioo. China wameshaamua kuanzia Januari 1, 2027 aina mpya za magari lazima mlango ufunguke kwa mkono, ndani na nje. Sasa sisi tunanunua yaliyotumika, kwahiyo yale yaliyotengenezwa kabla ya hiyo sheria ndo tutakuja kuyapata, hilo naomba ulifikishe kwa wakubwa wako mapema.

Kwa sasa naomba la hapa hapa. Stendi ya Kange basi lisitoke mpaka valvu ijaribiwe na nyundo zionekane, konda awaonyeshe abiria kabla ya mambo mengine yote ya safari na muziki, na Noah za shule ziwe na nyundo na mtu mzima wa pili huko nyuma kwa watoto. Ukiwa na jibu litangazwe tu redio za hapa Tanga, tutasikia.