Beberu usije kumchukua Jumamosi

Kongwa, 9 Julai

Mama Yusta mpendwa,

Mbukwa. Sisi wazima, ila baridi na upepo wa Julai unaotutoa machozi. Baba Furaha anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Simu yako naipiga tangu juzi haipatikani, ndiyo maana nimempa Yona barua hii akukabidhi kabla hujapanda basi.

Usije Jumamosi kumchukua beberu. Ahadi yangu iko palepale, lakini kundi langu lina chawa, na yeye ndiye anao wengi kuliko wote, wamejaa shingoni na kwenye ndevu. Kinachoninyima usingizi zaidi ni wale majike wako wawili uliowaleta mwezi wa tano kupandwa. Walilala zizini kwangu siku nane. Nahofia ulirudi nao na chawa wetu.

Ilikuwa hivi. Tangu mwanzo wa Juni mbuzi walikuwa wakijisugua kwenye nguzo mpaka manyoya yanabaki kwenye miti, wanajing'ata mbavuni. Nikasema ni baridi, na kiangazi kila mwaka wanakonda. Mpaka jioni moja kitoto cha yule jike Mweusi kikashindwa kusimama kunyonya. Nikakipakata, nikatenganisha manyoya ya mgongoni kwa vidole, Furaha akimulika kwa tochi ya simu. Mayai meupe yameganda kwenye unywele mmoja mmoja, ukipuliza hayatoki, ukivuta unang'oa na unywele wenyewe. Chini kwenye ngozi kuna vidudu vidogo kuliko punje ya ufuta, vinatembea. Nikafunua ukope wa chini, ndani peupe kama karatasi, damu imekiishia. Kilikufa alfajiri. Furaha hakula siku nzima.

Nikawachoma wote sindano ya aivamektini, nikatulia. Wiki mbili baadaye wanajikuna vilevile! Bwana mifugo alipokuja ndipo akanieleza kwamba chawa wa mbuzi wako wa aina mbili. Wanaonyonya damu, sindano inawapata. Wanaotafuna magamba ya ngozi na manyoya hawanywi damu, kwa hiyo sindano haiwamalizi. Hao lazima dawa iwaguse wenyewe juu ya ngozi.

Basi tarehe 4 tumeogesha wote 31, wanaojikuna na wasiojikuna, maana ukimruka mmoja huyo ndiye atawarudishia wenzake. Tuliwanywesha maji kwanza wasije wakalamba dawa kwa kiu, tukaanza asubuhi jua likiwaka wakauke kabla ya baridi ya usiku. Kwapani, nyuma ya masikio, chini ya mkia, kote. Samadi ya zizi tumeizoa, na wanalala upande mwingine. Chawa akikosa mbuzi hamalizi siku nyingi, lakini sitaki kubahatisha.

Mama mkwe alitaka tuwapake maji ya tumbaku na mafuta ya taa. Nilimkatalia kwa heshima. Mafuta ya taa yanababua ngozi, na tumbaku ni sumu, vitoto vikilamba vinakufa. Na hapana, watoto wetu hawatapata chawa hawa, kwa binadamu hawaishi. Mwambie na Bibi Mdala aache kumfukuza Yusta zizini.

Sasa wametulia, wanakula, na ukiwaona utasema wamepona. Hapo ndipo wengi tunapokosea, Mama Yusta. Dawa haiui mayai. Yanaanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili, na usiporudia kuogesha kabla hao wapya hawajaanza kutaga, unaanza upya kabisa. Kwa hiyo tarehe 18 tunaogesha tena, hata nisimwone chawa hata mmoja. Ndiyo maana nakuomba usubiri. Sitaki beberu atoke hapa na mayai kwenye manyoya. Tukutane Nzuguni kwenye Nane Nane, ukitoka huko upite umchukue. Hata akifika kwako, mtenge peke yake wiki tatu. Mimi wale watatu wa mnadani niliwaingiza zizini siku ileile niliyowanunua, na sina shaka chawa waliingia nao.

Ukianza kuogesha kwako, punda wako asiguswe na dawa hii. Ni amitrazi, punda inamdhuru. Maji yatakayobaki usiyamwage karibu na lambo. Maziwa subirini siku zilizoandikwa kwenye chupa. Yule mbuzi maksai wa kipaimara cha Yusta naye alichomwa sindano, na siku za kutochinjwa nimeziandika ukutani nisisahau.

Nijibu upesi. Wale majike wawili wanajikuna? Umewapasua manyoya ukaangalia mgongoni na nyuma ya masikio? Walichanganyika na wengine siku uliyowarudisha, au walikaa peke yao? Wameshika mimba? Kope za vitoto vyako zikoje? Na bomba la kupulizia mnalo, au nikupe langu nikishamaliza tarehe 18? Kama wanao, gharama ya dawa tugawane, chawa ni wa kwangu.

Wako,
Mama Furaha