Anza na maji: barua kwa mwanangu anayekwenda pwani ya Ufaransa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kwamba wewe na mkwe wangu mmekubaliana: Septemba mtashukia Nantes, mkodi gari la kulala, mfuate pwani ya Atlantiki kwenda kusini. Umeniuliza uanzie wapi kupanga. Usianze na miji. Anza na maji: lita ngapi mtabeba, machafu mtayamwaga wapi, na bahari itakupwa saa ngapi siku mtakazokuwa kando yake. Hayo yakikaa sawa, miji itajipanga yenyewe.

Kwa siku 10 msitamani pwani yote. Bretagne peke yake, kutoka Saint-Malo mpaka Quiberon, inakula wiki 2, maana kila rasi unaiingia na kuitoka kwa barabara ileile. Pwani ya Mediterania siishauri kwa mara ya kwanza: njia zake za kandokando ya bahari ni nyembamba, maegesho ni ya kugombania, na mistral, ule upepo mkali wa kaskazini, hulisukuma gari refu kama tanga. Chukueni kipande tambarare: Pornic, kisiwa cha Noirmoutier, Les Sables-d'Olonne, La Rochelle, Royan, mvuke mdomo wa Gironde kwa pantoni, kisha Lacanau na Arcachon. Ni kama kilomita 500 kwa njia za pwani, na kurudi Nantes kwa barabara kuu ni kama 400. Siku za kuhama kandokando ya pwani zisizidi kilomita 100. Gari hili ni nyumba, na kila unapoondoka unaifunga nyumba: madirisha, tundu la hewa la paani, mlango wa friji, makabati, gesi, ngazi ya mlangoni. Fanyeni orodha, mmoja aisome na mwingine akague kwa mkono. Tundu la paani likisahauliwa wazi, upepo wa barabara kuu huling'oa.

Septemba mmechagua vizuri, shule zimefunguliwa na bahari bado imehifadhi joto la kiangazi. Mkilazimika kuhamia Julai au Agosti, tazameni Bison Futé, huduma ya serikali inayotabiri msongamano kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi iliyopakwa nyeusi msitoke kabisa.

Yanayokodishwa kwa wingi ni ya umbo la Fiat Ducato, urefu mita 5.41 au 5.99, upana wa bodi mita 2.05 bila saiti mira, kimo kama mita 2.6. Kimo ndicho kitakachowasumbua. Maegesho mengi ya ufukweni yamewekewa chuma kwenye mita 1.90 au 2.00, makusudi kuzuia magari kama lenu. Andika kimo kwenye karatasi, kibandike mbele ya usukani, na usiiamini ramani ya simu, kwa sababu haijui gari lako lina kimo gani. Soma mkataba wa kukodi sehemu ya paa: mara nyingi paa likikwaruzwa bima haigusi, unalipa wewe kutoka kwenye amana. Siku ya kulipokea, piga picha paa pia, bampa kwa chini, na rimu zote 4. Kwenye barabara za kulipia, gari la kimo kati ya mita 2 na 3 lisilozidi tani 3.5 ni daraja la 2. Mashine ikikusoma daraja la 3, bonyeza kitufe cha msaada kabla ya kulipa.

Uzito nao unahesabika. Kwenye kadi ya gari tafuta F.2, ndio uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kwa kawaida kilo 3,500. Na G, uzito wa gari likiwa tayari kwa safari, dereva akiwemo. Tuseme G ni 2,950. Zimebaki kilo 550. Toa mkwe wangu, mabegi, chakula, meza na viti, baiskeli 2 na kibebeo chake: kilo 300 zimekwisha bila kuonekana. Angalia pia watengenezaji walihesabu maji kiasi gani, kwa sababu wengine huandika lita 20 tu ilhali tangi lina 100. Ukilijaza umeongeza kilo 80. Upepo wa tairi pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva.

Umejifunzia Tanga, sasa unaendesha London, kote kushoto. Kule mnapita kulia. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa, na anayetokea kushoto kwako, yule aliyekwisha kuingia, ndiye mwenye haki. Lakini kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, haki ni ya anayetokea kulia, hata kama anatoka kichochoroni. Mitaa ya vijiji imejaa njia panda za namna hiyo. Kibao cha mraba wa manjano uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mweupe, maana yake barabara yako ndiyo kuu mpaka ukione kimekatwa mstari. Barabara za kawaida ni kilomita 80 kwa saa isipokuwa kibao kiseme vingine. Vizibao vya kuakisi mwanga viwe ndani mnapoketi, visiwe nyuma chini ya mizigo.

Sasa maji ya ndani. Vitabu vya Wazungu vitakuambia tangi la lita 100 linawatosha watu 2 kwa siku 3. Hawahesabu udhu. Udhu wa kubana ni lita 1 na nusu. Mara 5, watu 2, ni lita 15 kwa siku. Ongeza vyombo lita 10, kuoga haraka lita 10 kila mtu, kupika, kunywa na kupiga mswaki lita 12. Mmefika kama 57. Tangi lenu ni la siku moja na robo tatu. Kwa hiyo pangeni kujaza maji kila siku ya pili, na mkiwa kwenye kambi yenye bafu ogeni huko. Kopo la kutawadhia lenye mdomo mrefu nunueni sokoni Nantes, linaokoa maji kuliko bomba la gari, ambalo pampu yake inasukuma hata ukilifungua kidogo.

Choo ni hesabu hiyohiyo. Kaseti hubeba lita 17 au 18. Anayetumia karatasi tu huimwaga baada ya siku 2 au 3. Ninyi mnaojisafisha kwa maji, kila asubuhi. Taa nyekundu huwaka ikiwa imebaki nafasi ndogo sana, basi msiingoje. Kabla ya kuirudisha weka maji lita 2 na dawa ya kijani, kwa sababu ile ya buluu inaua bakteria wa mashimo ya maji taka na sehemu nyingine imekatazwa. Usiioshe kwa maji ya shinikizo, usiendeshe imejaa, na valvu ya juu hakikisha imefungwa kabla ya kuichomoa.

Pa kufanyia haya yote ni kwenye “aire de services”, vituo ambavyo halmashauri nyingi za pwani zimejenga. Kuna mashine inayotumia kadi au kipande cha chuma kama sarafu, ambacho mara nyingine huuzwa ofisi ya utalii au kwenye duka la mikate. Kituo kina mabomba 2: la kuoshea kaseti na la maji ya kunywa. Mpira wako usiguse bomba la kaseti hata mara moja, kwa sababu waliotangulia wameingiza bomba lile ndani ya kaseti zao. Ukiona maandishi “eau non potable”, hayo si ya kunywa. Mwaga machafu kwanza, kisha kaseti, nawa mikono, ndipo ujaze maji safi. Bebeni mpira wa mita 10, viunganishi vya nusu inchi na robo tatu inchi, na dumu la lita 10 lenye faneli kwa siku bomba linapokuwa halina uzi.

Umeme nitakuambia kwa ufupi. Betri ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) ya aina ya AGM itumie nusu tu, yaani 50, usije ukaiua. Friji ya kompresa inakula kama 35 kwa siku, taa, simu na pampu kama 10. Paneli ya sola ya wati 100 siku ya jua ya Septemba itakurudishia kama 20. Kusini ya Royan kambi nyingi ziko chini ya misonobari, na kivulini sola haileti kitu. Siku ya pili friji inazima. Hamieni kwenye jua, endesheni saa moja au mbili, au lipieni umeme wa kambi. Huo umeme nao una kipimo: soketi ya ampea 6 inatoa wati 1,380, na birika la umeme la wati 2,000 litaikata papo hapo. Kebo ikunjueni yote hata kama mko karibu na soketi, kwa sababu iliyobaki kwenye gurudumu huchemka.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 2.75 huchoma jiko moja la kadiri kwa karibu saa 20. Pilau na chapati zinaumaliza kwa siku 9 au 10, bila kuhesabu maji ya moto ya kuogea. Maharagwe chemsheni nyumbani au nunueni ya kopo. Jiko si la kuotea baridi usiku: tundu la hewa la chini lisizibwe kwa begi wala zulia, hewa ya sumu haina harufu.

Mtalala wapi? Sheria ya Ufaransa inakataza kupiga kambi kwenye fukwe za bahari na maeneo yaliyohifadhiwa. Lakini kuegesha si kupiga kambi. Gari likikaa ndani ya mistari, mahali ambapo kuegesha kunaruhusiwa, mnaweza kulala ndani. Mkitoa meza, mkikunjua turubai, au mkiweka vipande vya kusawazisha magurudumu, mmekwisha kupiga kambi. Halmashauri za pwani pia hukataza magari ya kulala usiku kwenye maegesho fulani, na kibao huwekwa mlangoni, mara nyingine nyuma ya mti. Programu ya Park4night itakuonyesha waliolala kabla yenu. Soma maoni ya mwezi uliopita, si ya miaka 3. Usiku wa kwanza, hata hivyo, nendeni kambi yenye ofisi na mtu wa kumuuliza, pale Pornic, kilomita kama 50 tu kutoka Nantes. Washeni kila kitu jioni hiyo, ili kilichoharibika mkijue wakati kurudi ni karibu.

Kutoka hapo mtakutana na Passage du Gois, na hapa nataka usome polepole. Ni barabara ya zaidi ya kilomita 4 juu ya sakafu ya bahari, kutoka Beauvoir-sur-Mer hadi kisiwani Noirmoutier. Mara 2 kwa siku bahari huifunika. Wewe umekulia na bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, basi unajua zaidi ya watalii wengi. Jifunze tu namna wanavyoandika. Wafaransa wanaupima ukubwa wa bamvua kwa namba kutoka 20 hadi 120. Namba 95 ni bamvua la kawaida, 45 ni maji mafu. Namba kubwa huja mwezi ukiandama au ukipevuka, kama kwetu. Ruhusa ya kupita ni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa mpaka saa moja na nusu baada. Maji yakikupwa saa 5:20 asubuhi, njia ni yako kuanzia saa 3:50 mpaka saa 6:50. Hakikisha ratiba imeandikwa kwa saa za kiangazi. Kama sivyo, ongeza saa moja. Siku ya maji mafu, au upepo wa baharini ukivuma, au shinikizo la hewa likishuka kama wakati wa mvua, maji hayatoki vizuri na muda unafupika. Vibao vya milangoni pande zote 2 huandika saa za siku hiyo, navyo ndivyo vya kufuatwa. Njiani kuna nguzo zenye majukwaa ya kukimbilia, na gari lililokwama huachwa. Kwa gari la kukodi mimi nasema pitieni daraja la Fromentine, liko tangu 1971, kisha mrudi Gois kwa miguu bahari ikiwa imetoka, muone mwani na watu wanaochokoa kombe mchangani. Maji ya chumvi chini ya gari la mtu si ya kutafuta.

Royan mpaka Pointe de Grave pantoni huchukua kama nusu saa na kuwaokoa zaidi ya kilomita 200 za kuzunguka kwa Bordeaux. Nauli ni kwa ukubwa wa gari, kwa hiyo kile kikaratasi cha vipimo kitafaa tena. Ng'ambo ya pili bahari inabadilika tabia. Pwani ya Lacanau ina mashimo marefu ya mchanga yanayoitwa “baïnes”: maji hutulia ndani yake kama bwawa, watoto huvutiwa, kisha bwawa hufumuka upande wa bahari na mkondo humbeba mtu nje. Ogeleeni kati ya bendera tu, penye waokoaji. Mkondo ukimshika mmoja wenu asishindane nao. Alale chali, ainue mkono, auache umpeleke, halafu aogelee kwa pembeni. Simu ni 112, au 196 kwa uokoaji wa baharini. Na misituni, moto wa nje usiwashwe hata kijiko kimoja cha mkaa: mwaka 2022 msitu wa La Teste-de-Buch uliungua na kambi za chini ya tuta la mchanga la Pilat zikateketea.

Tarehe kamili zikipatikana, niandikie kabla hamjalipa amana, nitazame mwezi na kukuambia bamvua linaangukia siku gani mkiwa Noirmoutier.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako