Mheshimiwa Waziri, tuonesheni deni na mshahara kabla mtoto hajatia saini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa, assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Wiki iliyopita alikuja nyumbani mama mmoja na mwanawe aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Kijana amepata nafasi ya kusoma biokemia, yaani kemia ya viumbe hai, miaka mitatu, na fomu ya mkopo anayo mkononi. Mama akaniuliza: "Mwalimu, huu mkopo ataulipa kwa kazi gani?" Nikanyamaza.

Swali kama hilo niliwahi kulijibu miaka sita iliyopita, na nililijibu vibaya. Aliyeniuliza alikuwa mwanafunzi wangu, msichana ambaye sijapata kumfundisha mwingine wa akili kama yake. Nikamwambia asome biokemia, maana nchi inawahitaji watu wa maabara. Akaenda, akakopa, akarudi na shahada nzuri. Leo asubuhi anajitolea maabara bila mshahara na jioni anasomesha tuisheni. Kila hospitali inapotangaza nafasi, anatakiwa mtu aliyesoma sayansi ya maabara za afya na kusajiliwa. Shahada yake haimpi usajili huo. Kozi mbili zinazokaribiana kwa vitabu, moja ina mlango wa ajira na nyingine haina, na mimi mwalimu wake sikulijua hilo. Ningelijua, ningemwambia. Uchungu huo ndio unaonifanya nikuandikie hadharani.

Sisemi kwamba biokemia haina kazi Zanzibar. Kisiwa hiki kinanuka biokemia. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ile inayotia ganzi jino linalouma, na kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiko hapa hapa Pemba. Mwani wanaoulima mama zetu una ute unaogandisha vyakula na dawa ya meno, lakini sehemu kubwa huondoka nchini ukiwa mkavu tu, ndani ya magunia, na thamani yake ikaongezwa kwa watu. Pale Wawi iko maabara ya Ivo de Carneri, ambayo tangu 2000 inachunguza kichocho na minyoo ya watoto wetu. Iko maabara ya Mkemia Mkuu, iko Taasisi ya Viwango. Kazi zipo, ila nafasi ni za kuhesabika kwa vidole, na anayekopa leo hajui zimebaki ngapi.

Deni lenyewe sasa. Bodi ya Mikopo ya Muungano, ambayo vijana wengi wa Kizanzibari pia hukopa kwake, hukata asilimia 15 ya mshahara wa mwezi tangu sheria iliporekebishwa 2016. Nilimfanyia yule mama hesabu kwenye karatasi, kwa deni la mfano la shilingi 12,000,000. Kijana akipata kazi ya 700,000, atakatwa 105,000 kila mwezi na atamaliza baada ya miaka tisa na nusu. Akiangukia 347,000, kima cha chini kilichotangazwa kwa watumishi wa serikali yetu 2022, atakatwa 52,050, na deni litakwenda naye zaidi ya miaka 19. Atakuwa ameoa, amezaa, na mwanawe wa kwanza naye anakaribia kuomba mkopo. Haya yote ni baada ya nafuu kubwa tuliyoipata 2021, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipofuta ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka. Kabla ya hapo mtu alikuwa akilipa huku deni likiongezeka, na kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Mama alitazama zile namba mbili, 700,000 na 347,000, akauliza ipi ndiyo ya biokemia. Hapo ndipo karatasi yangu ilipoishia.

Mheshimiwa, jibu lipo serikalini. Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inajua kila aliyemkopesha alisoma nini na wapi. Makato yanapopita kwa mwajiri, inajulikana nani ameajiriwa na analipa kiasi gani. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii nao unapokea michango ya waajiriwa, na mchango hufuata mshahara. Vitabu hivyo viwili vikiwekwa pamoja, majina yakafichwa, tutapata kwa kila kozi deni la kawaida la mhitimu, wangapi wanaingia kazini ndani ya miaka miwili au mitatu, na mshahara wa yule wa katikati, ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi. Marekani wanafanya hivyo: wizara yao ya elimu ina tovuti iitwayo College Scorecard tangu 2013, na tangu 2019 inaonesha deni na kipato cha wahitimu kozi kwa kozi, chuo kwa chuo, na kipato hicho hutolewa kwenye kumbukumbu za kodi.

Najua nitaambiwa kwamba Zanzibar ni ndogo, kozi kama biokemia huenda ina wahitimu wachache mno kiasi kwamba mshahara wa mtu utajulikana. Basi wakusanywe wa miaka mitano pamoja, au sayansi zilizo jirani ziwekwe kundi moja. Nitaambiwa pia kwamba namba hizo zitawafanya watoto waikimbie sayansi. Kwa niliyoyaona darasani, kinachowakimbiza ni kumwona dada yao mwenye shahada akikaa barazani bila kazi. Na kama namba zitaonesha kwamba kozi fulani tunaihitaji lakini haimlipi mtu, itakuwa juu ya Serikali kuamua iitolee ruzuku badala ya mkopo, au ifungue nafasi kwenye mwani na karafuu. Uamuzi huo leo tumemwachia mtoto wa miaka 19 na mama anayengoja msimu wa karafuu.

Ombi langu ni karatasi moja ibandikwe kwenye kila fomu ya mkopo, ikiwa na namba hizo tatu za kozi anayoiomba, pamoja na mstari mmoja wa kueleza kama shahada hiyo inampa mtu usajili wa kitaaluma au haimpi. Ule mstari wa usajili hauhitaji hata kusubiri takwimu. Unaweza kuandikwa mwezi huu.

Mama ameniambia atarudi Ijumaa baada ya sala, na fomu yake bado haijatiwa saini.

Mwalimu wa kemia,
Wete, Pemba.