Eyam bila Thomas Stanley ni nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya Eyam, kile kijiji cha Derbyshire, Uingereza, kilichojifungia chenyewe wakati wa tauni mwaka 1666 ili ugonjwa usienee kwa majirani. Nashukuru kwamba mmekikumbuka. Lakini sifa zote mmempa kasisi William Mompesson, na jina la Thomas Stanley halikutajwa hata mara moja. Mimi naishi Sheffield, si mbali na kijiji hicho, na upungufu huo umeniuma.

Mompesson aliletwa Eyam mwaka 1664, kijana bado hajafika miaka thelathini, na wanakijiji wengi hawakumkubali. Mtu wao alikuwa Stanley, kasisi Mpuritani, yaani Mprotestanti mwenye msimamo mkali, aliyewahudumia kwa miaka mingi hadi alipofukuzwa kazini mwaka 1662 kwa kukataa kuapa kwamba atakifuata Kitabu cha Sala cha kanisa rasmi la Uingereza. Hakuwa na kanisa wala mshahara, lakini watu bado walimsikiliza yeye.

Ugonjwa uliingia mwishoni mwa Agosti 1665. Inasimuliwa kwamba mshonaji wa kijijini aliletewa mzigo wa vitambaa kutoka London, vikiwa na unyevu na viroboto, na msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto. Viccars akafa, akazikwa tarehe 7 Septemba. Vifo vilipungua wakati wa baridi, kisha vikarudi kwa kishindo, na kufikia Juni 1666 watu walikuwa wanafunga mizigo wakimbie. Wenye uwezo baadhi yao walikuwa wameshaondoka.

Hebu fikirini: nani angekubali kubaki mahali panapomuua, kwa neno la kasisi mgeni asiyempenda? Mompesson mwenyewe alilijua hilo, ndipo akamwendea Stanley. Watu wawili ambao sheria na dini ya nchi iliwaweka pande mbili za uhasama walisimama pamoja mbele ya wanakijiji. Wakakubaliana kila familia izike wafu wake yenyewe, ibada zifanyike nje katika bonde la Cucklet Delf, na mtu yeyote asivuke mpaka. Earl wa Devonshire, mwungwana mkubwa wa eneo hilo aliyekuwa na jumba lake Chatsworth, akaahidi kuwapelekea chakula.

Alama za makubaliano hayo zipo hadi leo, na hapa ndipo makala yenu ilipita haraka mno. Njiani kuelekea Stoney Middleton kuna jiwe la mpaka lenye matundu sita. Sarafu ziliwekwa humo ndani ya siki, iliyoaminiwa kuondoa ugonjwa, majirani wakaacha vyakula na kuchukua malipo bila kukutana na mtu. Juu ya kijiji kuna kisima kinachoitwa kwa jina la Mompesson, kilichotumika kwa kazi hiyohiyo. Upande wa mashariki, shambani, yapo makaburi ya Riley. Hapo Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita kwa siku nane, Agosti 1666, akiwavuta mmoja mmoja hadi shimoni kwa mikono yake. Mimi husimama hapo zaidi kuliko mahali pengine popote Eyam. Katika miezi 14 walikufa watu wapatao 260.

Mompesson naye alilipa. Mkewe Catherine, aliyekataa kumwacha, alifariki tarehe 25 Agosti 1666, na kaburi lake lipo katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Laurenti, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8. Watoto wao wawili walikuwa wameshapelekwa Sheffield kabla ya kijiji kufungwa. Simlaumu kwa hilo. Ila Elizabeth Hancock hakuwa na pa kuwapeleka wa kwake.

Na Stanley je? Tauni ilipokwisha, wapo waliotaka afukuzwe kijijini kwa sababu ya imani yake. Inasimuliwa kwamba Earl yuleyule alikataa, akasema nchi nzima ingepaswa kumshukuru mtu huyo. Stanley alifariki mwaka 1670, na mnara wake wa kumbukumbu katika uwanja wa kanisa ulisimamishwa mwaka 1891 tu. Mompesson aliacha barua, na barua zikachapishwa. Stanley hakuacha za namna hiyo, kwa hiyo kila anayeandika humwona yule mmoja.

Naomba gazeti lichapishe nyongeza fupi yenye jina lake. Na kwa wasomaji wenu walio Uingereza: Jumapili ya mwisho ya Agosti kila mwaka hufanyika ibada ya kumbukumbu Cucklet Delf. Mkienda, ulizeni mnara wa Stanley ulipo, kwa maana wageni wengi huupita wakikimbilia kaburi la Catherine.

Msomaji wenu,
Sheffield, Uingereza