Risiti ya mjukuu wangu iko wapi?

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki jana kuhusu shule za umma zinazowatoza wazazi pesa kwa mlango wa nyuma imenitonesha donda. Nalisoma gazeti hili tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 na sijawahi kuwaandikia. Leo naandika kwa sababu mlieleza shida yetu bila kutaja sheria, na sheria ipo.

Ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka wa 2013. Kimepiga marufuku karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine sharti yaidhinishwe na Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hata hapo, mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu hayajalipwa, na mtu asikusanye pesa bila kutoa risiti rasmi. Kijana wa jirani alinitafsiria kutoka kwenye simu yake, nikamwambia arudie.

Juzi Jumanne nilikuwa naepua mahamri ya mwisho nilipomwona mjukuu wangu wa Gredi ya 7 akirudi, begi mgongoni. Haikuwa hata saa tatu. Wamefukuzwa yeye na wenzake kwa shilingi 500 za "motisha". Nikanawa unga, nikahesabu mauzo ya asubuhi, nikayafunga kwenye pindo la leso, tukaandamana. Karani alizihesabu sarafu zangu, akazimwaga kwenye droo. Nilipoomba risiti alinikodolea macho kama niliyemtukana. "Mama, pesa ndogo hivi hatuziandikii risiti." Sikubanduka. Mwishowe akachana karatasi ya daftari la hesabu, lile la vijisanduku, akaandika kwa kalamu nyekundu "Amelipa 500". Hakuna jina la mtoto, hakuna tarehe, hakuna muhuri. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando yangu akitazama viatu vyake, na wenzake wasio na mtu wa kuwalipia walikuwa bado wamekaa nje ya lango. Hao nani atawasemea? Mama zao hawajui kwamba kuna sheria inayomkataza mwalimu kuwafukuza.

Najua mwalimu mkuu naye amebanwa. Serikali imemwekea mwanafunzi wa sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, shilingi 15,042 kwa mwaka, na wa shule ya msingi 1,420, na pesa zenyewe huchelewa huku chaki na stima vikidaiwa. Basi amdai aliyechelewesha, si mtoto! Halafu hiyo sekondari ya msingi yenyewe: tangu Januari 2023 watoto wamepachikwa katika viwanja vya shule za msingi, Sayansi wanasoma bila maabara. Jioni mjukuu ananiomba pesa za saiba akachapishe picha ya moyo wa binadamu. Picha moja ya rangi ni mahamri mangapi?

Kifungu cha 29 kiandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa lango la kila shule ya umma, herufi urefu wa kiganja, kwa rangi ya mafuta isiyotoka kwa masika. Siku ya kufungua shule karani akae nje, chini ya mti, na kitabu cha risiti chenye nakala. Kwa shule ya mjukuu wangu, mkebe wa rangi nitanunua mimi.

Nyanya mlezi,
Kilifi