Barua kwa Mama Tumaini, Makambako

Uyole, Mbeya

Mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi kutoka huku. Baridi ya mwaka huu haina mchezo, lakini sote wazima na viazi tumeshavuna. Ujumbe wako kuhusu mtoto wa mdogo wako, kwamba amezaliwa na sindromu ya Down kama binti yangu, nimeusoma. Sikutaka kukujibu kwa simu, haya ni mambo ya kukaa chini.

Kwanza mpe hongera. Najua tangu atoke wodini anaambiwa pole. Mimi niliambiwa pole mpaka nikajiona niko matangani, na mwanangu yuko kifuani ananyonya. Mwambie pia hakuna alichokula wala alichofanya, wala si mkono wa mtu. Kromosomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi mwilini, ya namba 21 kwa mtoto ziko tatu badala ya mbili, basi. Ndiyo maana siku yao huadhimishwa duniani tarehe 21 mwezi wa tatu.

Cha haraka ni moyo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengine haionekani mapema. Wa kwangu alikuwa akinyonya jasho linamtoka kipajini, anaachia titi, anahema, anarudi, mwisho analala hajashiba. Bibi mmoja akasema nimemvisha nguo nyingi. Kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kilichosema kweli. Basi naye apimwe eko, na baadaye masikio na tezi ya shingo, hata kama anaonekana mzima.

Sasa mchango wa matibabu. Sisi tunajua kuchanga, Mama Tumaini. Harusi ina mwenyekiti, mweka hazina na vikao kila Jumapili. Msiba ukitokea, turubai linafika kabla ndugu hawajamaliza kupigiana simu. Lakini mtoto wa kupasuliwa moyo, mama yake anaachwa apite nyumba kwa nyumba na cheti cha hospitali mkononi. Hilo lilinichoma, na linanichoma hadi leo. Nikamwambia balozi wetu wa nyumba kumi: naomba kamati kama ya harusi. Akaniangalia kidogo, akaita watu.

Mdogo wako asishike daftari. Ashike mtoto. Mweka hazina awe mtu anayeaminika mtaani. Kwetu alikuwa mama muuza ndizi pale stendi, na kila risiti aliibandika kwenye daftari, hata ya nauli ya basi kwenda Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tulikubaliana majina yasomwe bila kiasi. Vijana wa bodaboda walikuwa wakileta elfu moja moja, na mtu wa elfu moja akisomwa baada ya mtu wa laki, mara ya pili haji. Kilichobaki hatukukigawa, tulikiweka kiwe nauli ya mtoto mwingine atakayeandikiwa rufaa.

Na picha. Watu watataka picha ya mtoto na mipira puani, wairushe kwenye magrupu ili watu walie. Akatae katakata. Mimi nilitoa picha ya binti yangu na gauni lake la kanisani, kwa sababu ndiye huyo wanayemchangia.

Leo amekaa hapa mkekani anachambua maharage. Analeta kila punje karibu na macho, bovu anatupia kuku, zima anaweka kwenye ungo, na ukimharakisha anakushika mkono wako uuache ungo wake. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na darasani bado tunapambana wakubali kumfundisha kwa mwendo wake. Lakini mtaa mzima anaujua kwa majina, na akipewa kitu anajibu “ndaga”, asante ya Kinyakyusa, kama bibi yake.

Wakiandikiwa kuja Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya wafikie kwangu, kitanda kipo na kutoka hapa daladala ni moja tu. Nimekutumia kidogo kwa simu kuanzia mchango. Nipigie kamati ikishapangwa, nataka kuongea na mweka hazina wenu.

Nisalimie Baba Tumaini na mama mkubwa.

Wako,
Mama Neema